Anarusha Peke Yake

Barua iliyomkataa mdogo wangu mara ya kwanza ilikuwa na mistari minne tu, na niliisoma mimi kabla yake. Najua si adabu kufungua barua ya mtu. Lakini bahasha ilisukumwa chini ya mlango wa duka langu la ushonaji, mkasi nilikuwa nao mkononi, na mimi subira sikujaliwa. Mstari wa tatu ndio uliotukaa rohoni miaka miwili. "Mwombaji anarusha ndege vizuri sana," waliandika. "Anarusha peke yake."

Nilicheka kwa hasira. Kwani walitaka arushe na nani, na mashangazi zake?

Nyumbani mdogo wangu tunamwita Kimya. Ana miaka thelathini na mbili, ana mabega membamba ambayo kila blauzi lazima niipunguze ndipo imkae, na maneno yake ya siku nzima unaweza kuyahesabu kwa vidole ukabakiwa na vidole vya kushikia kikombe. Kwa miaka sita alikuwa anarusha kindege cha injini moja, yeye mbele na mizigo nyuma: dawa za hospitali, maboksi ya vifaranga, vipuri vya trekta, karatasi za mitihani zilizopigwa lakiri. Alikuwa anatua kwenye viwanja vya nyasi ambavyo ni viwanja kwa jina tu. Anapita kwanza chini chini kuwafukuza ng'ombe, anazunguka, kisha anarudi kutua kabla ng'ombe hawajabadili mawazo. Yeye ndiye rubani, yeye ndiye msomaji wa ramani, yeye ndiye mtu wa redio, na akifika yeye ndiye mpakuaji.

Siku moja kioo cha mbele kilipasuka akiwa angani, ufa kutoka kona hadi kona. Akatua, akashusha vifaranga, akarudi nyumbani akaosha vyombo. Sisi habari tulizipata wiki tatu baadaye, kwa fundi wa ndege aliyekuja kushonewa ovaroli. Nilipomwuliza Kimya kwa nini hakusema, alifikiri kidogo, kisha akanijibu, "Vifaranga walifika wazima." Namheshimu mdogo wangu kuliko watu wengi walionizidi umri, na sioni haya kulisema hilo mbele ya yeyote.

Sasa lile shirika kubwa la ndege lililomkataa likamwita tena. Kanuni yao haina huruma: unajaribiwa mara mbili, ukishindwa ya pili, kwao ndiyo basi. Na kampuni yake ya mizigo ilikuwa inafunga mwisho wa mwaka, maana barabara ya lami ilishafika kule alikokuwa anapeleka vifaranga. Kwa hiyo ama aingie kwenye ndege kubwa, ama atafute kazi ya ardhini, yeye ambaye akiwa ardhini siku tatu mfululizo anaanza kukunja uso. Akachukua likizo, tukawa na wiki tatu za kujiandaa.

Aliyetufumbua macho alikuja dukani kwa sababu ya kitambi. Alikuwa kapteni mstaafu, ndege kubwa amezirusha miaka thelathini, na sasa suruali zake zote zilikuwa zimemkataa. Nilimpima kiuno, nikaandika, nikaikunja suruali nikaiweka nyuma yangu.

"Hii huondoki nayo, Kapteni, mpaka uniambie maana ya maneno haya," nikamwambia, nikampa barua.

"Fundi, hiyo ni suruali yangu."

"Ndiyo. Na huyu ni mdogo wangu."

Akavaa miwani, akasoma, akacheka taratibu. Hakucheka kwa dharau. "Hawakumtukana," alisema. "Wamemsifu, kisha wamemwambia ugonjwa wake. Ndege zetu mbele zina viti viwili. Mmoja anarusha, mwenzake anaangalia. Anayeangalia anasoma orodha ya ukaguzi, anazungumza kwenye redio, na akiona jambo halijakaa sawa lazima aseme. Anayerusha lazima ajibu. Asipojibu, mwenzake anasema tena. Asipojibu mara ya pili, mwenzake anachukua ndege."

"Anamnyang'anya?"

"Anasema 'narusha mimi', anachukua. Mtu asiyejibu mara mbili tunamhesabu hayupo, hata kama amekaa pale na macho makavu."

Nilimwita Kimya, aliyekuwa chumba cha nyuma anapiga pasi. Akaja, akasimama mlangoni na shati la mtu mkononi.

"Siku ile kwenye jaribio," Kapteni alimwuliza, "mwenzako alipokwambia kitu, ulirekebisha?"

"Nilirekebisha."

"Ulimjibu?"

Kimya akalitazama shati. "Nilirekebisha," alirudia, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

"Mwanangu, kwenye kindege chako ukiwa sahihi inatosha. Kwetu sisi usahihi wako lazima usikike."

Suruali nilimpa siku hiyo hiyo, na kiuno nilimwongezea kwa ukarimu. Naye hakutuacha. Alituletea picha za chumba cha marubani na vipimo vyake, na hapo nilijikuta na mimi nina faida. Nilichukua karatasi ngumu, ile ninayochorea makoti kabla ya kukata, nikachora kila saa ya vipimo na kila kitufe kwa ukubwa wake halisi, kwa rula na chaki ya bluu. Nikaibandika ukutani, nikaweka viti viwili vya wateja mbele yake, na chini pedali za vyerehani viwili vibovu kwa ajili ya miguu. Mpini wa pasi ya zamani ndio uliokuwa usukani. Mteja mmoja alisimama akaitazama karatasi ile muda mrefu, akaniuliza kama hiyo ndiyo mishono ya mwaka huu.

Tulianza kila siku saa kumi na mbili asubuhi, hadi saa mbili ninapofungua duka. Kwenye kazi yao wanasema yote kwa Kiingereza cha redio, lakini sisi tulitumia lugha ya nyumbani, maana rubani mwenza nilikuwa mimi, na Kiingereza changu kinaishia kwenye majina ya vitambaa. Kapteni alikuwa ameniandikia kadi. Nachukua moja bila kuchagua, naona imeandikwa kasi imezidi, au ndege imeshuka mno, au upepo umegeuka, na mimi nasema. Yeye anajibu kwa mdomo, kisha mkono unafanya. Ndivyo ilivyotakiwa.

"Kasi," nikasema siku ya kwanza.

Mkono wake ukarudi nyuma kidogo juu ya karatasi, kupunguza kasi. Macho mbele.

"Kasi!"

Kimya akaendelea kutazama mbele, ametulia kabisa.

"Narusha mimi!" nikasema, nikaupora mpini, nikampiga kikumbo mpaka kiti kikalia.

"Dada! Nimesharekebisha!"

"Mimi nitajuaje? Mimi ni ukuta?"

"Umeuona mkono wangu."

"Mkono wako nimeuona tangu unazaliwa. Nataka mdomo!"

Akainuka, akaenda kupiga pasi. Siku mbili nilimnunia. Kununiana na mtu asiyeongea ni kazi bure, kwa sababu yeye hakuona tofauti, lakini Mama alikuja kunishika paji la uso akidhani nina homa.

Jumapili ya wiki ya kwanza tulifanya usaili wa mdomo. Kule shirikani, baada ya jaribio kwenye mashine inayoigiza ndege, ambayo wenyewe wanaiita simuleta, mwombaji anakaa mbele ya watu watatu wanamwuliza maswali. Kwa hiyo tulikaa watatu nyuma ya meza yangu ya kukatia: Kapteni katikati, Mama kulia, mimi kushoto. Kimya mbele yetu, mgongo wima, mikono mapajani.

"Tuambie," Kapteni alisema, "kosa ulilowahi kufanya ukiwa kazini."

Kimya akafungua mdomo. Akaangalia meza. Akavuta pumzi.

"Aliwahi kutua upepo ukiwa nyuma," nikasema, "gurudumu likatoka kwenye njia, ila kosa halikuwa lake, waliompa habari za upepo ndio wazembe, na hata hivyo..."

Kapteni aliweka kalamu chini. Mama akanigeukia.

"Mwombaji hapa ni nani?"

"Mama, namsaidia tu."

"Unamsaidia tangu ana miaka mitatu. Mtoto akiulizwa jina, unasema wewe. Akiulizwa amekula, wewe. Yule daktari alimwuliza anaumwa wapi, ukadakia wewe, tumbo. Akanywa dawa ya tumbo wiki nzima."

"Lilikuwa sikio," alisema Kimya.

Mama akamkazia macho. "Sikio? Ulikuwa unaumwa sikio?"

"Ndiyo."

"Na hukusema?"

"Dada alishasema."

Kapteni alicheka mpaka akavua miwani kuifuta, na Mama akamfuata. Mimi nilicheka nao kidogo, kwa ajili ya kujistiri, kisha nikaingia chumba cha nyuma nikijifanya natafuta uzi. Niliona aibu. Miaka yote nilikuwa najigamba kwamba nina mdogo jasiri ambaye bahati mbaya hana maneno, na kumbe maneno yake nilikuwa nimeyatumia mimi. Hakuna mtu aliyemfundisha kurusha peke yake kwenye kile kindege. Alikuja amefunzwa kutoka nyumbani.

Nilirudi na uzi nisiouhitaji. "Kapteni, uliza tena," nikasema, nikajitia pini tano mdomoni, kama ninavyofanya nikipima pindo. Mtu mwenye pini mdomoni haropoki.

Akauliza tena. Kimya alikaa. Kuna gari lilipita nje, mwenye duka la jirani akaita mtu, na yeye bado amekaa. Kisha akaanza, na alisema vizuri, tena hakumlaumu mtu wa upepo hata kidogo. Alisema alikiona kipande cha kitambaa kilichofungwa kwenye mlingoti kinapepea upande usio wake, akakiona, na akatua hivyo hivyo kwa sababu alikuwa amechelewa na hospitali walikuwa wanasubiri dawa. "Kosa halikuwa upepo," alisema. "Kosa ni kwamba nilikuwa nimeshaamua." Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile kwa mkupuo mmoja, na nilitamani kumkumbatia, lakini nilikuwa na pini.

Kuanzia hapo tulipiga hatua. Mimi nasema, nanyamaza, nasubiri. Yeye anajibu. "Kasi." "Nimesikia, napunguza." "Kimo." "Nimesikia, napanda." Alijibu kwanza kama mtu anayetolewa jino, kisha kama mtu anayesoma, kisha akazoea. Tabia hiyo ikahamia mpaka jikoni. Mama akiwa mezani anaonja mchuzi anasema, "Chumvi," na kutoka jikoni inasikika, "Nimesikia, naongeza." Mimi nikimwomba uzi mweusi nasikia, "Uzi mweusi, unakuja," kabla hata hajainuka kitini. Wiki ya tatu mdomo wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu, na mimi nilijivuna nikawa sienei mlangoni.

Siku ya usaili nilimvalisha suti ya bluu niliyoishona mwenyewe, mabega yamekaa kama yamemwagiwa. Nilimsindikiza. Jengo la mafunzo la shirika lile ni refu na jeupe, na mapokezi yake yana viti vya plastiki na mashine ya maji ya kunywa inayogugumia kila baada ya muda. Dada wa mapokezi alitutazama wote wawili. "Wa saa tatu ni nani kati yenu?"

Niliuma ulimi. Namaanisha niliuma kweli, kwa meno.

"Ni mimi," alisema Kimya.

Pale kwenye kiti alikuwepo mwombaji mwingine, binti aliyetoka chuo cha urubani juzijuzi, miwani mikubwa, faili amelikumbatia kifuani. Waliambiwa wataingia kwenye simuleta pamoja: nusu saa mmoja atarusha na mwenzake ataangalia, kisha watabadilishana. Binti alimwuliza Kimya kwa heshima, "Samahani dada, una saa ngapi za angani?"

"Elfu tatu na kidogo."

Binti akameza mate. "Mimi mia mbili."

Wakaitwa, wakaenda, mlango ukafungwa. Nikabaki na mashine ya maji.

Nilikaa pale saa tano. Nilihesabu vigae, nikakagua mishono ya kila aliyepita, nikagundua kwamba sare za shirika lile zinakatwa vibaya kwapani. Binti ndiye aliyetoka kwanza, macho mekundu, akaniaga kwa kichwa akaondoka haraka. Baadaye Kimya akatoka, uso mkavu, suti haina hata kunyanzi, na nikashindwa kujua kama nimpe pole au hongera.

Sikumwuliza. Nataka ijulikane kwamba sikumwuliza. Tulitoka nje, tukavuka barabara, tukaingia kwenye mgahawa mdogo unaotazama uzio wa uwanja, nikaagiza chai mbili na nikakaa. Alikoroga chai yake muda mrefu. Kisha akaanza kusema, na alisema kwa karibu saa nzima, na mimi nilinyamaza saa nzima. Kati yetu wawili sijui nani alifanya la ajabu zaidi.

"Nimekosea, dada," alisema kwanza. "Kosa baya. Nilikuwa narusha mimi, tunashuka kwenda kutua. Ile saa inayoonyesha uko futi ngapi juu, ukishuka lazima uipe namba ya mgandamizo wa hewa wa uwanja unaokwenda. Usipoipa, inakudanganya. Mwongozaji wa ndege kwenye redio akatupa namba. Mimi niko katikati ya kukata kona. Kwenye kindege changu ningemaliza kona kwanza, halafu ningeweka namba. Sasa mdomo umeshazoea kujibu. Nikasema, 'Nimesikia, imewekwa.' Nikamaliza kona. Mkono haujaweka kitu."

Nilishika meza. Kosa lile lilikuwa letu, la asubuhi zote zile na pedali za cherehani. Tulikuwa tumeunoa mdomo mpaka ukautangulia mkono. Zamani mkono wake ulifanya bila mdomo kusema, na sasa mdomo umesema bila mkono kufanya. Nilitaka kupiga yowe. Nilikunywa chai.

"Saa yangu ilionyesha tuko juu kuliko tulivyokuwa," aliendelea. "Tofauti ya futi karibu mia tatu. Kule chini kuna vilima, dada, mia tatu ni nyingi. Yule binti ana saa yake upande wake, na yake aliiweka sawa. Aliona saa mbili hazisemi kitu kimoja. Aliona kabisa. Lakini mimi nina saa elfu tatu, yeye ana mia mbili, na mimi nimeshasema imewekwa. Akanyamaza."

"Ulijuaje kwamba ameona?" Hilo lilinitoka. Nilijifunika mdomo kwa kiganja.

Kimya hakukasirika. Alinitazama usoni, jambo ambalo halifanyi mara nyingi.

"Nilimsikia anavuta pumzi. Ile pumzi ya kusema. Halafu haikutoka na neno, ikarudi ndani. Naijua ile, dada. Nimekuwa naivuta maisha yangu yote."

Nilitazama nje, kwenye uzio. Hakuwa ananichoma, na ndiyo maana ilichoma.

"Nikamwambia, 'Umeona kitu. Sema, nasubiri.' Hakusema mara moja. Nikangoja. Tunashuka, na mimi nangoja, kama wewe ulivyokuwa unangoja na pini zako. Akasema, 'Saa zetu zinatofautiana. Nadhani namba yako haijawekwa.' Nikaangalia, kweli. Nikasema, 'Nimesikia. Nilisema imewekwa na sikuiweka. Naweka sasa. Tunapanda, tunaanza upya.' Tukapanda tena, tukazunguka, tukatua."

"Na mtahini?"

"Aliandika. Aliandika ukurasa mzima."

Basi tumekwisha, nilijisemea moyoni. Ukurasa mzima hauandikwi kwa mapenzi.

Mchana wakamweka mbele ya watu watatu. Kapteni mmoja mwanamke, mwenye mvi, ndiye aliyekuwa anauliza. Alimwomba Kimya aeleze kosa alilowahi kufanya kazini. Tulikuwa tumelifanyia mazoezi jibu la upepo mpaka likalainika, lingetiririka lenyewe. Hakulitoa.

"Nikawaambia, 'Nimefanya moja asubuhi ya leo,'" alisema. "Nikawaeleza jinsi lilivyotokea, na nyumbani nilivyofanya mazoezi mpaka mdomo ukawa mbele ya mkono. Nikawaambia nimelikamata kwa sababu mwenzangu alilisema, na kwamba wamwandikie yeye hilo, lisiandikwe kwangu. Yule mama akaniuliza nilijuaje ana la kusema. Nikamwambia kwetu mimi ndiye niliyekuwa wa kunyamaza, na kuna dada yangu aliyekuwa anasema."

Nilitaka ardhi ipasuke.

"Akaniuliza, 'Na huyo dada yako ulimshindaje?' Nikamwambia sikumshinda. Aliacha mwenyewe. Nikamwambia watu wazima wanaoweza kuacha jambo walilolifanya miaka thelathini, kwa wiki tatu, mimi namjua mmoja tu, na ningependa kurusha ndege na mtu wa namna hiyo."

Nililia pale pale mbele ya mwenye mgahawa, bila kujificha. Kimya alinisogezea chai yangu, akasema, "Imepoa," na tukaenda nyumbani.

Siku tisa zilipita. Siwezi kuzieleza, nilishona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia mara mbili. Siku ya kumi, asubuhi ya katikati, dukani kulikuwa na wateja wawili, na Kimya yuko nyuma anapiga pasi. Simu yake ikalia mara moja, mlio wa ujumbe. Nilisikia pasi inawekwa wima. Mkasi ukanisimama katikati ya kitambaa, mpaka mmoja wa wateja akaniuliza kama naumwa.

Akatoka na simu mkononi. "Dada," alisema. "Wamenichukua. Na yule binti pia."

Nilijaa furaha. Habari ile niliipanga kichwani mara moja jinsi nitakavyoipeleka mtaani: kwanza fundi viatu, kisha dada wa duka la dawa, kisha wale waliosema mwanamke wa vifaranga ataishia kwenye vifaranga, na hao nilikuwa nimewaandalia maneno ya kipekee. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikaufunga.

"Utawaambia mwenyewe?" nikamwuliza.

Alifikiri. Akavua aproni, akatoka, akasimama kwenye kizingiti cha duka, na mimi nyuma yake. Nje walikuwepo wote. Fundi viatu na nyundo yake, dada wa dawa anafagia mbele ya mlango wake, na Mama anarudi na mfuko wa mboga.

"Jamani," alisema Kimya. Hakuna aliyesikia. "Jamani!"

Wakageuka. Walimtazama yeye, kisha, kwa mazoea, wote wakayainua macho wakanitazama mimi juu ya bega lake, wakisubiri niwaambie Kimya anataka nini. Hata Mama.

Nikarudi ndani nikafunga mlango, nikamwacha nje. Nilisimama nyuma ya mlango nikiwa nimeegemeza kichwa kwenye mbao, wateja wangu wananishangaa, na nikamsikia mdogo wangu anavuta pumzi, kisha anaanza mwanzo kabisa, kwenye ile barua ya mistari minne.